Ua Jekundu na Mzigo wa Mpagazi: Sadaka za Majira ya Kupukutika Majani

Mwalimu wa Kiswahili afundishaye Kigali, Bujumbura, Kampala au Lubumbashi aghalabu huulizwa na wanafunzi wake neno lifaalo kutafsiri majira yale ya Ulaya yaangukayo kati ya Septemba na Novemba. Baadhi ya kamusi hutoa neno "vuli". Tafsiri hiyo haituridhishi. Vuli ya pwani ni mvua. Ni wakati wa kupanda, wala si wa kuvuna, na miti ya huku haina habari ya kumwaga majani kwa sababu ya baridi. Katika makala haya tutasema majira ya kupukutika majani. Ni maneno marefu, lakini yanaonyesha jambo lenyewe: mavuno yamekwisha kuingia ghalani, mchana unafupika siku hata siku, na watu wanaanza kujikusanya mahali penye moto na taa.

Ndiyo majira ambayo Waingereza wana mikusanyiko mingi ya kijamii, na ni nadra kuukuta mkusanyiko usio na sanduku la mchango. Tumekusudia kueleza asili ya baadhi ya mikusanyiko hiyo, hasa ule wa ua jekundu, kwa sababu mbili. Kwanza, wako walimu na wanafunzi wetu wanaojaaliwa kwenda Uingereza kwa masomo, nao hufika huko mwezi wa Septemba au Oktoba. Ni vyema wajue wanachokiona. Pili, historia ya ua hilo inatugusa sisi wa nchi hizi kuliko inavyodhaniwa.

Tuanze na mavuno. Desturi ya kushukuru kwa ajili ya nafaka mpya ni ya kale sana, kama ilivyo katika makabila yetu mengi. Waingereza wa zamani walikuwa na ibada ya mkate wa kwanza tarehe 1 Agosti, nao wakulima walikuwa na karamu ya kumaliza mavuno, ambayo kwa kweli ilikuwa karamu ya pombe kuliko ya shukrani. Sherehe ya mavuno kanisani, jinsi inavyofanywa leo, mara nyingi huhesabiwa kuwa ilianzishwa na kasisi mmoja wa kijiji, Robert Stephen Hawker, wa Morwenstow, katika pwani ya kaskazini ya Cornwall. Mwaka wa 1843 aliwaita waumini wake waje kanisani Jumapili tarehe 1 Oktoba, wapokee sakramenti kwa mkate uliookwa kwa ngano mpya. Jambo hilo liliigwa na makanisa mengine, kisha na shule. Leo mtu akiingia kanisani wakati huo ataona maboga, matofaa, miganda ya ngano, na pembeni yake makopo ya maharagwe na samaki. Maana vyakula hivyo baada ya ibada hupelekwa kwa wazee, au kwenye benki za chakula ambako familia zisizojiweza hupata posho ya siku chache.

Huyu Hawker alikuwa mtu wa ajabu, na yafaa tukae naye kidogo. Pwani ya Morwenstow ni ya majabali, na merikebu nyingi zilivunjikia hapo. Kabla yake, miili ya mabaharia iliyotupwa na bahari ilikuwa ikifukiwa papo hapo ufukoni. Yeye aliteremka majabalini akaikusanya, akaizika katika uwanja wa kanisa lake kama anavyozikwa mwanakijiji. Merikebu iitwayo Caledonia ilipovunjika hapo mwaka wa 1842, mtu mmoja tu alipona. Nahodha na wenzake waliopatikana walizikwa Morwenstow, na sanamu ya mwanamke iliyokuwa kwenye omo ya chombo hicho ikasimamishwa juu ya kaburi lao kuwa alama. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwani habari ya makaburi na alama zake itarudi mbele.

Novemba inapoingia, huja usiku wa mioto. Tarehe 5 Novemba 1605 kiligunduliwa chini ya Bunge la London kiasi kikubwa cha baruti, na mtu aliyekamatwa akikilinda aliitwa Guy Fawkes. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga sheria ya kuiadhimisha siku hiyo kila mwaka, sheria iliyodumu hadi 1859. Sheria ilifutwa lakini mioto haikuzimika. Watoto walikuwa wakitengeneza sanamu ya matambara, wakaikalisha njiani na kuwaomba wapitao senti moja moja; fedha hizo zikaishia kwenye fataki. Katika mji wa Lewes, huko Sussex, viko vyama vinavyoandamana usiku kwa mienge na mavazi ya kila namna, na fedha wanazokusanya njiani huzitoa kwa hisani. Ni tamasha la kutazamwa. Hata hivyo mgeni na ajue kwamba chanzo chake ni ugomvi mkali wa kidini, na dalili za ugomvi huo zingali zikionekana katika maandamano ya Lewes.

Sasa tufike kwenye ua. Wiki mbili hivi kabla ya tarehe 11 Novemba, karibu kila koti nchini Uingereza huwa limebandikwa ua jekundu la karatasi liitwalo popi. Watu wa kujitolea, wengi wao wazee, husimama kwenye milango ya maduka na stesheni za gari moshi wakiwa na sinia la maua na sanduku. Ua halina bei. Mtu hutoa apendavyo, na mtoto mwenye sarafu moja hupewa ua lile lile apewalo tajiri.

Mwanzo wake ni Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Popi ni ua la porini ambalo mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi zikingoja udongo uchimbuliwe. Huko Ubelgiji na kaskazini ya Ufaransa mizinga iliichimbua ardhi vibaya sana, na popi zikachanua kati ya makaburi. Daktari mmoja wa jeshi la Kanada, John McCrae, alitunga shairi juu ya maua hayo mwezi wa Mei 1915 karibu na mji wa Ypres, nalo likachapwa London mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Mwenyewe hakuuona mwisho wa vita. Alifariki Januari 1918. Shairi lake lilisomwa na mwalimu wa Kimarekani, Moina Michael, ambaye mnamo Novemba 1918 aliazimia kuvaa popi siku zote kwa kuwakumbuka waliokufa. Kisha mwanamke wa Kifaransa, Anna Guérin, akaligeuza azimio hilo kuwa mchango: alipanga maua ya kitambaa yatengenezwe Ufaransa, yauzwe, na fedha ziwasaidie watu wa sehemu zilizobomolewa na vita, hasa watoto. Mwaka wa 1921 alilipeleka wazo lake London kwa chama kipya cha askari wa zamani, British Legion, kilichoundwa mwezi wa Mei mwaka huo.

Hali ya askari hao ilikuwa ya kusikitisha. Mamia ya maelfu walikuwa hawana kazi, na wengi walikuwa wamepoteza mkono, mguu au macho. Siku ya tarehe 11 Novemba 1921 popi ziliuzwa Uingereza kwa mara ya kwanza, nazo zikaleta zaidi ya pauni 106,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Mwaka uliofuata Meja George Howson alifungua karakana mjini London ili maua hayo yatengenezwe na askari wenyewe waliolemazwa na vita. Alianza na wafanyakazi watano, na aliwaandikia wazazi wake kwamba hakutazamia mafanikio makubwa. Ua lilibuniwa kwa namna ambayo mtu mwenye mkono mmoja aliweza kuliunganisha bila msaada. Twaona kwamba hapo ndipo penye ubora wa mchango huu: aliyesaidiwa hakukaa akingoja sadaka, bali alikuwa fundi anayelipwa ujira. Mwaka wa 1926 karakana nyingine ilifunguliwa Edinburgh, na popi ya Uskoti hadi leo ina petali nne wala haina jani, ilhali ile ya Uingereza ya kusini ina petali mbili.

Hapakukosa kutokea ubishi. Mwaka wa 1933 chama cha wanawake wa ushirika kilianza kutoa popi nyeupe, kwa hoja kwamba kuwakumbuka wafu kusiwe njia ya kuwaandaa vijana kwa vita nyingine. Popi nyeupe zingali zikivaliwa na wachache, na kila mwaka magazeti hubishana juu yake.

Siku yenyewe ina ibada yake. Saa tano kamili za asubuhi, tarehe 11 Novemba, watu hunyamaza dakika mbili. Na Jumapili ya pili ya mwezi huo mfalme na viongozi huweka mashada ya popi kwenye mnara wa Whitehall, London, uliozinduliwa mwaka wa 1920. Jina la mnara huo kwa Kigiriki maana yake ni kaburi tupu. Walimu wetu watapenda kujua kwamba dakika hizo za kimya zilitoka Afrika. Mwaka wa 1918 watu wa Cape Town walikuwa wakisimama kimya kila adhuhuri, mzinga ulipopigwa. Sir Percy FitzPatrick wa Afrika Kusini alipendekeza desturi hiyo London, nayo ikafuatwa kwa mara ya kwanza katika dola zima tarehe 11 Novemba 1919.

Lakini tarehe hiyo 11 Novemba, katika nchi zetu, haikuwa mwisho wa vita. Habari za kusimamishwa kwa mapigano zilimfikia Jenerali von Lettow-Vorbeck tarehe 13 Novemba 1918, akiwa karibu na mto Chambeshi katika Zambia ya leo, na jeshi lake lilisalimu amri Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, tarehe 25 Novemba. Kwa hiyo wakati London inapiga kengele za furaha, huku watu walikuwa bado wamebeba mizigo.

Tunasema wamebeba mizigo kwa makusudi, kwa kuwa vita vya Afrika ya Mashariki vilikuwa zaidi vita vya mabega kuliko vya bunduki. Barabara zilikuwa chache. Ndorobo waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota. Kila risasi, kila gunia la unga, kila kitanda cha mgonjwa kilichukuliwa na mwanadamu. Na mpagazi naye alikula: aliyebeba kilo ishirini na tano za unga, akila kilo moja kwa siku, angeumaliza mzigo wote kabla mwezi haujaisha, bila ya askari kuonja hata konzi moja. Ndiyo sababu kila jeshi lilipokwenda mbali zaidi na reli, wapagazi walihitajiwa kwa wingi zaidi kuliko mara ya kwanza. Katika Kenya ya leo ilitungwa sheria mwaka wa 1915 ya kuwalazimisha wanaume kuandikishwa, na mwaka wa 1917 ukafanywa mkamato mkubwa uliofagia vijiji vizima. Kwa upande wa Uingereza peke yake, wapagazi walioandikishwa katika vita hivyo wanakadiriwa kufika milioni moja, na waliokufa hawapungui 95,000. Wachache waliuawa kwa risasi. Wengi walikufa kwa kuhara damu, malaria na kichomi, na mara nyingi chanzo kilikuwa unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa kwa haraka, ukaliwa na watu waliozoea ndizi, wimbi au maziwa.

Wala haya hayakuwa mambo ya Kenya na Tanganyika tu. Jeshi la Kibelgiji kutoka Kongo liliingia Kigali mwezi wa Mei 1916 na kuitwaa Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huo, nalo liliwatumia wapagazi wa Kongo, Rwanda na Burundi kwa maelfu mengi. Uganda ilitoa watu wake. Huko Malawi na Zambia wapagazi waliitwa tengatenga, na jina hilo bado lasikika katika masimulizi ya wazee. Kiswahili nacho kilipata neno lake: kikosi cha wapagazi cha Waingereza kiliitwa Carrier Corps, wenyewe wakakiita Kariakoo, na kambi zao Dar es Salaam na Nairobi zikabaki na jina hilo. Mtu anunuaye kitenge au nyanya Kariakoo leo analitamka jina la kikosi kile bila ya kulifikiria.

Je, sanduku la Novemba liliwafikia hao? Chama cha pili, cha kuwasaidia askari wa zamani wa dola nzima, kiliundwa Cape Town mwaka wa 1921, na hakuna haja ya kukana kwamba wako wazee wa Afrika ya Mashariki, hasa waliopigana katika vita vya pili, waliopata msaada wake. Lakini mpagazi wa vita vya kwanza hakuhesabiwa kuwa askari. Hata ujira wake ulikuwa na mashaka. Wengi walipokufa, mishahara yao ilibaki bila kuchukuliwa, kwa kuwa majina yalikuwa yameandikwa ovyo na jamaa zao hawakupatikana, au hawakutafutwa kwa bidii. Mkuu wa kikosi hicho, Oscar Watkins, alishikilia kwa miaka mingi kwamba fedha hizo ni za Waafrika, na ikiwa warithi hawajulikani basi zitumike kwa manufaa ya Waafrika. Hazikutolewa. Tukilinganisha, twaona kwamba katika miaka ile ile ambayo wananchi wa London walikuwa wakitoa sarafu zao kwa hiari kwa ajili ya vilema wa vita, hazina ilikuwa imekalia mishahara ya wafu wa huku. Hatuwalaumu waliotoa sarafu, wao hawakuambiwa.

Mambo ya makaburi ni hayo hayo. Tume ya makaburi ya vita ya dola ya Uingereza iliundwa mwaka wa 1917 kwa kanuni nzuri kabisa: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, juu ya jiwe au juu ya ukuta, bila kubagua cheo, rangi wala dini. Huko Ubelgiji na Ufaransa kanuni hiyo ilifuatwa kwa sehemu kubwa sana, na makaburi yake ni ya kupendeza. Katika Afrika ya Mashariki ilikubaliwa kwamba makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori. Badala ya majina, zilisimamishwa sanamu: Dar es Salaam mwaka wa 1927, askari mmoja na bunduki yake, Nairobi mwaka wa 1928, watu watatu, mmoja wao mpagazi. Maneno yaliyoandikwa juu yake yalitungwa na Rudyard Kipling, yakawekwa na kwa Kiswahili pia, nayo yanaahidi kwamba wana wa waliokufa watayakumbuka majina ya baba zao. Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi wake kusoma maandishi hayo, kwa faida ya lugha, na awatake wayatafute majina yenyewe juu ya mnara. Hayamo.

Karne nzima ilipita. Mwezi wa Aprili 2021 tume hiyo ilitoa ripoti ya kamati yake maalumu, ikakiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Wahindi, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa ulinzi wa Uingereza aliomba radhi Bungeni. Tangu hapo majalada ya zamani yamekuwa yakifunguliwa, Kenya na kwingineko, ili majina yanayoweza kupatikana yapatikane.

Msomaji atakayekuwa Uingereza mwezi wa Novemba asikose kwenda kusimama katika dakika zile mbili, wala asione haya kutia sarafu yake sandukuni na kubandika ua. Mzee alishikaye sinia huenda alipoteza kaka au mwana, naye hana hatia katika mambo tuliyoyaeleza. Lakini akiulizwa na mwenyeji, kama ilivyo kawaida, inakuwaje mtu wa Burundi au wa Uganda avae popi, atakuwa na la kujibu, na jibu hilo litachukua zaidi ya dakika mbili. Asiyesafiri naye ana nafasi yake. Huko Nairobi ibada hufanywa kila Novemba kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, na darasa la historia lililo karibu na Mbala, Tabora au Kigali lina kazi ya kutosha katika kuwauliza wajukuu: babu yenu alikwenda na nani, alibeba nini, aliachwa wapi?

Kuna mahali pamoja ambapo majina yamekwisha kuandikwa. Januari 2025 ulizinduliwa mjini Cape Town, katika ule mji wa kimya cha adhuhuri, mnara wa vibarua Waafrika wa Afrika Kusini waliokufa katika vita hivyo hapa barani bila ya kuwa na kaburi linalojulikana. Ni zaidi ya 1,700. Waliobuni mnara hawakutumia ukuta wala sanamu. Walisimamisha nguzo za mvule, kila nguzo ya mtu mmoja, na juu yake limechongwa jina lake na tarehe aliyokufa.